Mgonjwa anapobadilika wodini: alama za kujumlisha, mipaka ya hatari, au jicho la muuguzi na ndugu?

Swali hili huwasumbua wauguzi viongozi wa wodi huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Vwawa hadi Mafinga: tutumie njia gani kumtambua mgonjwa anayezidiwa kabla hajafika pabaya? Mmoja amerudi semina na chati ya rangi, anataka kila mgonjwa apewe alama. Mwenzake anasema chati ile ni ya nchi zenye wauguzi wa kutosha, kwetu inatosha kujua namba chache ambazo zikivukwa daktari anaitwa. Halafu yupo sista mkongwe anayeingia wodini, anatupa jicho mara moja, na kusema, "Yule wa dirishani mleteni karibu na meza yetu."

Wote watatu wana hoja, ndiyo maana ubishi hauishi.

Suala lenyewe si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na karibu asilimia 70 ya mahututi hao walikuwa wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Kwa hiyo anayehitaji macho zaidi mara nyingi yuko kwenye wodi ile ile ya vitanda thelathini, pembeni ya mtu anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani, wala hayuko kwenye chumba cha wagonjwa mahututi chenye mashine zinazolia.

Tupime kwa vigezo gani

Naweka vitano. Cha kwanza ni muda wa zamu, hasa ya usiku. Cha pili ni vifaa, na jinsi vinavyosoma kwenye baridi na mwinuko wetu. Cha tatu ni nani anakamatwa na nani anaponyoka. Cha nne ni kengele za bure, yaani mara ngapi mtu anaamshwa kwa mgonjwa ambaye hana tatizo. Cha tano ni jibu: baada ya kugundua, nani anaitwa, na muuguzi anafanya nini wakati anasubiri.

Hicho cha mwisho nakipa uzito kuliko vyote. Nimeona mafaili yaliyojazwa namba kwa mwandiko mzuri, kila saa nne, mgonjwa akishuka ngazi moja baada ya nyingine, na hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha kuna mtu alifanya kitu. Chati ya namna hiyo ni kumbukumbu ya kifo tu.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuwe na mgonjwa wa mfano. Mama wa miaka 48, amelazwa kwa nimonia, hayuko kwenye oksijeni. Saa nane usiku anapumua mara 24 kwa dakika, oksijeni kidoleni 93, presha namba ya juu 104, mapigo 112, joto 38.4, anaongea vizuri.

Alama za kujumlisha

*Inavyofanya kazi.* Inayojulikana zaidi ni NEWS2 ya Uingereza, iliyotoka kwanza mwaka 2012 na kurekebishwa 2017. Kila kipimo kinapewa alama kuanzia 0 hadi 3 kadiri kinavyotoka nje ya kawaida: upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, fahamu na joto. Mgonjwa aliye kwenye oksijeni anaongezewa 2. Jumla ikifika 5, daktari anaitwa haraka na mgonjwa anapimwa kila saa. Ikifika 7 ni dharura. Kipimo kimoja kikipata 3 peke yake, nacho kinatosha kumfanya mtu aje.

Mama yetu: upumuaji 2, oksijeni 2, presha 1, mapigo 2, joto 1. Jumla 8. Hakuna namba yake moja inayotisha ukiiangalia peke yake, lakini zikikaa pamoja zinasema huyu asingoje daktari wa asubuhi. Uzuri wa kujumlisha ni huo, na sijaona njia nyingine inayoufikia.

*Muda.* Upumuaji unahesabiwa dakika nzima, siyo kwa kukisia 20 kwa kila mtu kama ilivyozoeleka (tufungue faili lolote tutaona hiyo 20). Ukiongeza presha, joto, oksijeni, kuandika na kujumlisha, dakika tano kwa mgonjwa si nyingi. Vitanda thelathini ni dakika 150, saa mbili na nusu, bila kuchoma sindano hata moja wala kubadilisha dripu. Muuguzi mmoja na mhudumu wake wataweza mzunguko mmoja wa wodi nzima usiku, labda miwili. NEWS2 yenyewe haidai kila mtu apimwe sawa: mwenye 0 anatosha mara moja kila saa 12, mwenye 1 hadi 4 kila saa 4 hadi 6. Wodi nyingi husahau kipengele hiki, zikajichosha kwa wagonjwa wazima.

*Vifaa.* Hapa panahitaji umakini. Kipimo kikikosekana, alama yake huwa 0 kwenye jumla, na mgonjwa anaonekana mzima kuliko alivyo. Betri ya kipima oksijeni ikiisha, mama yetu anashuka kutoka 8 hadi 6. Tena kuna jambo lisilosemwa sana: zile alama 2 za oksijeni anapewa aliyewekewa, siyo anayeihitaji. Wodi yenye mtungi mmoja kwa wagonjwa watatu itamwonyesha aliyekosa mtungi kuwa na nafuu kuliko aliyeupata.

Halafu mwinuko. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Makete zinavuka 2,000. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa mapafu anaweza kusoma 94 au 95 huko, na NEWS2 itampa 1 kabla hajaumwa. Si kubwa, ila kwa mzee mwenye joto kidogo na mapigo ya 95 tayari alama zinaanza kujikusanya.

*Anayeponyoka.* Haikutengenezwa kwa wajawazito wala watoto chini ya miaka 16. Pia haijui kitu kuhusu VVU, na huku kwetu hilo si dogo: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Ipo alama nyingine, UVA, iliyochapishwa 2017 kutokana na wagonjwa wa nchi sita za Afrika, Tanzania ikiwemo. Yenyewe inatoa alama 2 kwa mwenye VVU na 4 kwa fahamu iliyopungua, na haina ngazi nyingi za kukariri. Nzuri kwa kumpima mgonjwa anapolazwa. Kwa kumfuatilia saa kwa saa inapwaya: mama yetu angepata 0, au 2 kama ana VVU.

*Jibu.* Chati yenyewe inaeleza nani aitwe kwa alama gani. Lakini inadhani yupo wa kuitwa.

Mipaka ya hatari

*Inavyofanya kazi.* Hakuna kujumlisha. Kila kipimo kina mpaka, na mpaka mmoja ukivukwa, unachukua hatua. Mipaka inayotumika sana kwa watu wazima ni upumuaji chini ya 8 au zaidi ya 30, oksijeni chini ya 90, mapigo chini ya 40 au zaidi ya 130, presha namba ya juu chini ya 90, njia ya hewa iliyoziba, au fahamu zilizoshuka. Wazo la kuita timu kwa mpaka mmoja lilianzia hospitali ya Liverpool, Sydney, mwaka 1990, ila limefanyiwa kazi hapa hapa nchini pia. Katika chumba cha mahututi cha Muhimbili wauguzi walipewa mipaka pamoja na hatua ya kuchukua kwa kila mpaka. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha dalili za hatari zilitibiwa mara nyingi zaidi kuliko awali, na vifo vya waliofika na presha ya chini vilishuka kutoka asilimia 92 hadi 69. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja vifo havikupungua kwa namna ya kuonekana wazi, na ni haki kulisema hilo pia.

*Muda na vifaa.* Watu hudhani njia hii ni ya haraka mno. Kupima ni kule kule. Unachookoa ni kujumlisha na kukosea kujumlisha. Faida ya kweli iko kwenye upungufu: kipima oksijeni kikikosekana, mipaka mingine inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Na ukikuta presha 80 huna haja ya kumaliza fomu ndipo uanze kuhangaika.

Mwinuko hauisumbui sana, kwa sababu mtu wa Makete asiyeumwa hasomi chini ya 90. Baridi inaisumbua kama inavyoisumbua NEWS2. Mwezi wa sita na wa saba vidole vinaganda, damu haifiki vizuri, na kifaa kinasoma 84 kwa mtu anayekunywa uji. Pasha mkono moto kwanza, jaribu sikio, ondoa rangi ya kucha, angalia kama alipaka hina. Na kwa upande mwingine, kwenye ngozi nyeusi kama zetu kifaa wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo 91 kwa mgonjwa anayepumua kwa mabega isikutulize.

*Anayeponyoka.* Mama yetu. Upumuaji 24 haujafika 30, oksijeni 93 iko juu ya 90, presha 104, mapigo 112. Mipaka yote imenyamaza. Atakapovuka mmojawapo, huenda ni saa kumi na moja alfajiri, atakuwa amepoteza saa tatu. Hiyo ndiyo bei ya njia hii. Unapata kengele chache na za kweli, lakini zinachelewa.

*Jibu.* Hapa ndipo inaponivutia. Kila mpaka unaweza kuwa na hatua yake ukutani, kwa maandishi makubwa: oksijeni chini ya 90, mkalishe, muwekee oksijeni, ita; presha chini ya 90, mlaze, angalia anatoka damu wapi, anza maji kwa mujibu wa maelekezo ya wodi, ita; fahamu zimeshuka, mgeuze ubavu, safisha njia ya hewa, pima sukari, ita. Muuguzi aliyeajiriwa mwezi uliopita anaweza kuanza bila kumsubiri mtu. Daktari wa zamu akiwa anavuka kutoka nyumba za watumishi kwenye mvua, dakika hizo hazipotei bure.

Wasiwasi wa muuguzi, na wa ndugu

*Inavyofanya kazi.* Muuguzi anayemjua mgonjwa anaona kitu kimebadilika kabla mashine haijaona. Hii si ramli. Watafiti wa Uholanzi walichambua wasiwasi wa wauguzi wakakuta unajengwa na vitu vinavyotajika: namna ya kupumua, ngozi baridi au yenye jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kutotulia, maumivu mapya, kutopata nafuu inayotarajiwa, na mgonjwa mwenyewe kusema hajisikii vizuri. Wakavigeuza kuwa orodha ya kuweka tiki.

Kwetu kuna jicho la pili ambalo hospitali nyingi za Ulaya hazina: ndugu. Anakuja saa za kuona wagonjwa asubuhi na jioni, analeta uji, anamwosha, anamgeuza. Anaposema, "Sista, mgonjwa wetu leo amebadilika," anamlinganisha na mtu anayemjua miaka arobaini. Jana alimaliza kikombe, leo hakutaka hata kuinua kichwa. Anamwita marehemu kaka yake. Miguu imepoa. Hakuna fomu ya NEWS2 yenye kisanduku cha uji. Mwaka 2024 hospitali za Uingereza zilianza kutekeleza utaratibu unaoitwa Martha's Rule, unaompa ndugu haki ya kuomba mgonjwa aangaliwe upya na timu nyingine. Sisi tuna ndugu tele ndani ya wodi, na mara nyingi tunawaambia wasogee pembeni tupige deki.

*Muda na vifaa.* Karibu bure. Kinachohitajika ni kumpita kila mgonjwa na kumwangalia usoni mwanzo wa zamu, na kuwauliza ndugu swali moja kabla hawajaondoka jioni: leo mmemwonaje?

*Anayeponyoka.* Wengi, kama muuguzi ni mgeni. Jicho la sista mkongwe limechukua miaka, wala halihamishwi kwa semina. Usiku wa manane uchovu hulififisha hata lake. Mgonjwa mkimya, asiye na ndugu, aliyeletwa na polisi kutoka barabara kuu ya Tunduma, hana wa kusema amebadilika. Na ndugu aliyewahi kufokewa hatasema tena. Mama yetu? Inategemea. Anaongea vizuri, na anayeongea vizuri huwapumbaza watu.

*Jibu.* Udhaifu wake mkubwa uko hapa. Piga simu saa nane usiku useme, "Dokta, siipendi hali ya huyu mama," utaulizwa presha ngapi. Wasiwasi unahitaji kuvishwa maneno: huyu ni nani na nini kimetokea, alilazwa kwa nini, sasa naona nini, naomba ufanye nini. "Dokta, naomba uje umwone ndani ya nusu saa" ni sentensi ngumu kwa muuguzi kijana kumwambia mkubwa wake. Ikiandikwa kwenye utaratibu wa wodi kwamba wasiwasi pekee ni sababu halali ya kuita, inakuwa nyepesi.

Nani achague nini

Hospitali ya wilaya au ya misheni yenye muuguzi mmoja usiku, vitanda thelathini au zaidi, na afisa tabibu mmoja anayezunguka wodi zote: ningeanza na mipaka ya hatari, hatua zikiwa ukutani, na wasiwasi ukiandikwa kama mpaka wa saba. Ili kina mama kama wa mfano wetu wasiponyoke, wodi ikubaliane mpaka wa njano kwa upumuaji, mathalani 24, ambao hauiti daktari ila unamfanya mgonjwa apimwe tena baada ya saa moja. Kama kupima wote haiwezekani, wapimwe kwanza waliolazwa ndani ya siku moja, waliotoka upasuaji, na wale waliotajwa kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu.

Wodi yenye wauguzi wawili au watatu kila zamu, vifaa vinavyofanya kazi na daktari anayelala ndani ya uzio: NEWS2 inalipa. Inalipa zaidi kwenye chumba cha uangalizi wa karibu, ambako mwelekeo wa alama kutoka 3 kwenda 5 kwenda 7 ndio unaoamua. Anayeanza aiweke wodi moja kwanza.

Mnaopeleka wagonjwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya: hata kama wodini mnatumia mipaka, jumlisheni alama kabla ya kupiga simu ya rufaa na muijumlishe tena kabla gari halijaondoka. Kutoka Tukuyu ni kilomita 70 hivi za milima na ukungu. Mgonjwa aliyekuwa 6 saa mbili usiku na sasa ni 9 anahitaji kwanza kutulizwa hali yake: njia ya hewa, oksijeni ya kutosha safari nzima, kanula mbili, na muuguzi wa kumsindikiza. Kumkimbiza tu kwenye gari hakutamsaidia.

Wodi iliyojaa waajiriwa wapya na wanafunzi wa mazoezi: namba kwanza, yoyote kati ya hizo mbili. Msiwategemee kwa jicho ambalo bado hawana, ila wazunguke na mkongwe wenu mwanzo wa zamu, naye aseme kwa sauti anachokiona na kwa nini.

Kituo cha afya chenye vitanda vichache: jicho, ndugu na mipaka vinatosha. Kazi yenu kubwa ni kuamua mapema nani asilale hapo.

Wodi ya wazazi na ya watoto: msichukue chochote hapo juu kama kilivyo. Mjamzito ana mapigo na upumuaji wake, na presha ya 150 ambayo NEWS2 inaipa 0 kwake ni hatari. Mtoto naye namba zake zinabadilika na umri. Kuna chati zao, zitumike hizo.

Mgonjwa wa saratani au ugonjwa mwingine uliofika mwisho, ambaye yeye, familia na daktari wamekubaliana apewe huduma shufaa (ya kumpunguzia mateso, siyo ya kuponya): alama zitapiga kelele kila zamu na hazitamsaidia. Makubaliano yaandikwe kwenye faili na daktari, vipimo vya kila saa viondolewe, mahali pake paandikwe maumivu, pumzi, kinywa na usingizi. Sababu iandikwe ukurasa wa mbele, ili muuguzi wa zamu ijayo asianze upya kumkimbiza kwenye oksijeni na sindano ambazo mwenyewe alishazikataa.